Meko ya Umeme Sebuleni: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Meko ya umeme ni pambo la sebuleni linaloonyesha ndimi za moto bila kuchoma kuni, mkaa wala gesi, na ambalo kwa kawaida lina hita ndogo ndani yake. Si jiko la kupikia, na juu yake hapatengwi sufuria. Mtu wa Dar es Salaam ana haki ya kuuliza moto huo ni wa nini katika jiji ambalo hata usiku wa kipupwe, mwezi Julai, halijoto kwa kawaida hubaki karibu na nyuzi 18 au 19, na ambalo kuanzia Desemba hadi Machi watu hulala feni ikizunguka mpaka alfajiri. Jibu limo ndani ya kifaa chenyewe: miali na joto ni mitambo miwili tofauti iliyowekwa katika sanduku moja, mara nyingi kila mmoja ukiwa na swichi yake, na mkazi wa Dar hununua ule wa kwanza. Anachokipata ni taa. Akilielewa hilo kabla ya kwenda dukani, atachagua, atafunga na atalipia umeme kwa akili. Asipolielewa, atalipia hita ya wati 2,000 ambayo hataihitaji, na ambayo siku moja itawashwa na mtoto anayechezea rimoti huku kiyoyozi nacho kikifanya kazi.

Jinsi moto usiochoma unavyofanya kazi

Katika meko ya kawaida, chini kabisa mna safu ya taa ndogo za LED za rangi ya machungwa, nyekundu na pengine buluu. Karibu na taa hizo umelazwa ufito uliobandikwa vipande vyembamba vinavyong'aa, vilivyokunjwa bila mpangilio, na ufito huo huzungushwa polepole na mota ndogo. Mwanga ukigonga vipande hivyo huakisiwa kuelekea juu, ukapita kwenye nafasi zilizokatwa kwa umbo la ndimi, kisha ukatua kwenye kioo au plastiki yenye ukungu. Kwa kuwa vipande havilingani na ufito hauachi kuzunguka, jicho huona miali inayopanda, kupinda na kufifia. Magogo ya mbele ni ya resini, nayo huangazwa kwa ndani ili yaonekane kama kaa la moto. Mtambo huu wote hutumia umeme wa balbu moja au mbili, mara nyingi kati ya wati 10 na 40, na ndiyo maana kioo cha mbele hubaki baridi kiasi cha kuguswa na mtoto hita inapokuwa imezimwa.

Hita nayo ni kifaa cha zamani kilichofichwa ndani ya sura mpya. Ndani yake mna koili ya nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu ambayo Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906, na ambayo hadi leo inafaa kwa sababu inaweza kuwa nyekundu kwa joto, tena na tena, bila kuungua wala kuliwa upesi na hewa. Feni ndogo hupuliza hewa kupitia koili hiyo na kuitoa kwenye tundu refu la juu au la chini. Themostati huizima hita chumba kinapofikia joto lililochaguliwa, na kando yake kuna kikata joto kinachozima kila kitu endapo tundu la hewa limezibwa. Baadhi ya meko hutumia mirija inayotoa mionzi ya infraredi badala ya koili na feni. Hayo hupasha zaidi watu na viti vilivyo mbele yake kuliko hewa ya chumba kizima.

Umeme unaoingia kwenye hita ya namna hii hugeuka joto karibu wote, nalo hubaki chumbani, tofauti na meko ya kuni ambayo sehemu kubwa ya joto lake hupotelea kwenye dohani. Kwa sababu hiyohiyo, hita mbili za wati 2,000 hutoa joto sawa hata kama moja inauzwa mara nne ya bei ya nyingine. Muuzaji akikuambia kwamba yake ina joto zaidi, usibishane naye, lakini usimlipe zaidi kwa sababu hiyo.

Ipo pia aina ya tatu, ya mvuke baridi. Sahani ndogo iliyo chini ya maji hutetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde na kuyageuza maji kuwa ukungu mwepesi, kisha taa huuangaza ukungu huo kutoka chini. Hii ndiyo aina inayodanganya jicho kuliko zote, kwani miali yake ina kina na unaweza kupitisha mkono ndani yake. Hata hivyo, siipendekezi kwa Dar es Salaam. Maji ya visima katika sehemu nyingi za jiji yana chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye sahani na kurushwa hewani kama vumbi jeupe linalotua kwenye televisheni na makochi. Anayeitaka hana budi kuilisha maji yaliyoondolewa chumvi, kuyamwaga yanapolala siku kadhaa ili yasizalishe vijidudu, na kukubali kwamba anaongeza unyevu katika nyumba ambayo tayari nguo za kabatini hushika ukungu wakati wa masika.

Hatua ya kwanza: amua unanunua taa au unanunua joto

Ikiwa meko yatakaa Dar es Salaam, kigezo chako kiwe ubora wa miali: rangi zake, uwezo wa kupunguza mwanga, ukimya wa mota, na kama rimoti ina kitufe cha kuzima hita peke yake. Faida utakayoipata ni ya mandhari. Sebule yenye mwanga wa chini unaocheza huwa tulivu kuliko ile yenye taa nyeupe ya dari, wageni huwa na mahali pa kuelekeza macho televisheni ikizimwa, na haya yote hupatikana bila moshi, bila majivu, bila cheche na bila kutoboa paa kwa ajili ya dohani. Mpangaji ana faida moja zaidi, kwamba anaweza kuchomoa plagi na kuhama nayo.

Ikiwa meko yatapelekwa kwa wazee Njombe, Makete, Lushoto au Tukuyu, kigezo ni kingine kabisa, na hapo hita ndiyo inayobeba thamani. Juni na Julai katika nyanda hizo ni baridi ya kweli, na huko Kitulo barafu huonekana juu ya nyasi asubuhi. Katika majira hayo familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu usingizini. Meko ya umeme hayachomi kitu, kwa hiyo hayatoi gesi hiyo hata kidogo. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote zinazotajwa dukani, ingawa wauzaji wa Dar hawaitaji kwa kuwa wateja wao hawana baridi.

Jambo moja watu hulitarajia bila sababu: hita haiondoi unyevu chumbani. Hewa ikipashwa moto huhisika kavu, lakini maji yaliyomo hubaki yaleyale, na usiku ukipoa unyevu hurudi kwenye kuta. Wala usianike nguo za shule juu ya tundu la hewa wakati wa mvua, kwani kitambaa kikiziba tundu hilo kinaweza kushika moto.

Hatua ya pili: piga hesabu ya LUKU

Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Ili kujua yuniti inakugharimu kiasi gani, chukua risiti ya manunuzi yako, gawanya fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopata, na usitumie risiti ya manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa hiyo huwa imekatwa kodi ya jengo na itakupotosha. Tuseme umepata takriban shilingi 350 kwa yuniti.

Miali peke yake, kwa wati 20, ikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia yuniti 0.1 kwa usiku, yaani yuniti 3 kwa mwezi, ambazo ni kama shilingi 1,050. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 3 kila usiku bila themostati kuipumzisha hutumia yuniti 6 kwa usiku, yuniti 180 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 63,000. Tofauti hiyo inatosha kuamua mjadala wowote wa kifamilia. Kwa aliye katika kundi la watumiaji wadogo, ambao hupata bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, miali haitamwondoa humo, lakini hita itamwondoa kabla ya mwezi kufika nusu.

Anayewasha hita na kiyoyozi kwa pamoja hulipa mara mbili, kwani kila wati ya joto inayoingia chumbani lazima kiyoyozi kiitoe tena nje. Wapo wanaofanya hivyo bila kujua, kwa sababu baadhi ya meko huwashwa miali na hita kwa kitufe kimoja kinachobonyezwa mara mbili.

Hatua ya tatu: chagua umbo

Maumbo yanayopatikana zaidi ni matatu. Yapo yanayotundikwa ukutani kama televisheni, ambayo ni rahisi kufunga lakini hutokeza nje. Yapo yanayozamishwa ndani ya ukuta au ndani ya samani, nayo hupendeza zaidi na hudai kazi zaidi. Yapo pia yanayosimama sakafuni yenyewe, yenye umbo la jiko la zamani la chuma, yanayomfaa mpangaji na yanayofaa kutumwa mkoani. Kwa sebule ya kawaida ya Dar, ambayo tayari ina kabati la televisheni, ningechagua yale ya kuzamishwa na kumpa seremala kazi ya kujenga kabati upya kuyazunguka.

Hatua ya nne: kagua kabla ya kulipa

Geuza kifaa na usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani huandikwa volti 120 na hezi 60, na kikichomekwa hapa bila transfoma kitaungua papo hapo. Hata ukikipatia transfoma ya kubeba hita, gharama na uzito wake havina maana. Kilichotoka Uingereza kina volti zinazofaa na plagi yetu ya miguu mitatu bapa yenye fyuzi ndani. Hakikisha fyuzi hiyo ni ya ampea 13 na haijabadilishwa kwa kipande cha waya, jambo linaloonekana mara kwa mara kwenye vifaa vilivyotumika.

Baada ya hapo mwambie muuzaji akiwashe, mahali pasipo na kelele kama inawezekana. Mota mbovu hujitambulisha kwa mlio wa kukwaruza unaojirudia kwa mpangilio, na kwenye duka la Kariakoo saa sita mchana hutausikia, kwa hiyo weka sikio karibu. Washa hita kwa dakika kumi, ushike waya wa plagi: uvuguvugu kidogo si tatizo, lakini waya wa moto ni sababu ya kuondoka. Omba kitabu cha maelekezo, kwa kuwa ndicho kinachotaja umbali salama wa kifaa hicho hasa, na uliza kama rimoti na mota za akiba zinapatikana.

Hatua ya tano: andaa nyaya

Hapa ndipo sitaki msomaji apite haraka. Hata kama umeamua kwamba hita haitatumika, funga nyaya kana kwamba itatumika kila siku, kwa sababu kuna mgeni, mpangaji au mtoto ambaye ataibonyeza, na ukuta hautajua kwamba hukukusudia.

Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 8.7 mfululizo. Soketi yenye waya wa milimita 2.5 za mraba hubeba mzigo huo bila shida; waya wa 1.5, ambao ni wa taa, usitumike, ingawa mafundi wengine huuvuta kutoka kwenye taa ya ukutani kwa kuwa uko karibu. Usitumie ekstensheni. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina nyaya nyembamba kuliko maandishi yaliyo juu yake, na zikifichwa nyuma ya kabati huchemka pasipo mtu kuona. Meko yawe na soketi yake, isiyochangiwa na friji wala pasi, na soketi hiyo iwekwe mahali ambapo plagi inaweza kuchomolewa bila kubomoa kabati.

Ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, lazima iwe inafanya kazi. Nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi ambalo halijaunganishwa na chochote ardhini, na meko yenye sanduku la bati yakivujisha umeme katika nyumba ya namna hiyo, bati lote huwa na umeme. Mwite fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mwambie apime ethi kwa kifaa na si kwa kukisia, na aangalie kama kwenye swichi kuu kuna kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kama hakipo, gharama ya kukiweka itakufaa kwa nyumba nzima.

Kuhusu umeme mdogo, hita yenyewe haidhuriki. Volti zikishuka hadi 180, hita ya wati 2,000 hutoa wati kama 1,225 tu, na hasara yako ni baridi. Vinavyodhurika ni mota na bodi ya rimoti, hasa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Gadi ya friji inaweza kuvilinda, ila soma ampea zake kwanza: ile ndogo ya ampea 5 inafaa kwa miali pekee na itaungua hita ikiwashwa, kwa hiyo nunua ya ampea 13. Wenye betri na inveta wanaweza kuendesha miali usiku kucha umeme unapokatika, hita wasiiguse.

Hatua ya sita: mahali na kabati

Mahali pazuri ni ukuta usiopigwa na jua la jioni, kwa kuwa mwanga wa jua huufuta mwanga wa LED kabisa. Pasiwe chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Pazia, kochi na mkeka vikae umbali wa mita moja mbele ya tundu la hewa, isipokuwa kitabu kikitaja umbali mkubwa zaidi.

Ukimpelekea seremala wa Keko vipimo, usimpe vya kioo peke yake. Mpe vipimo vya sanduku lote, uongeze nafasi ya hewa ambayo kitabu kinataka pembeni, juu na nyuma, na umwambie wazi kwamba matundu ya hewa hayafunikwi kwa mbao wala kwa urembo. Mafundi wa jipsamu hasa hupenda kuziba kila mwanya ili kazi ionekane safi, na meko yaliyozibwa hivyo hujizima kila baada ya dakika chache mpaka mwenye nyumba akaamini ameuziwa kifaa kibovu. Angalia pia tundu la joto liko wapi: likiwa juu, televisheni isikae karibu nalo, likiwa chini au mbele, televisheni inaweza kukaa juu bila hofu kubwa.

Hatua ya saba: kuwasha mara ya kwanza

Fungua madirisha, washa miali kwanza, kisha hita kwa nguvu ya chini kwa nusu saa. Harufu ya vumbi na mafuta ya kiwandani yanayoungua itatoka na kuisha. Harufu ya plastiki inayoyeyuka haimo katika hesabu hiyo. Ukiisikia, zima, chomoa na urudishe dukani. Shika plagi mara mbili tatu katika nusu saa hiyo. Kama rimoti ina njia ya kufunga hita, ifunge siku hiyohiyo, na usizoee kulala au kutoka nyumbani hita ikiwaka.

Utunzaji

Hewa ya bahari ina chumvi na hula bati, hivyo nyumba za Kunduchi, Msasani na Kigamboni zinahitaji uangalifu kuliko za Kimara. Kila baada ya miezi michache chomoa plagi, pangusa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na unyonye vumbi kwenye matundu ya hewa kwa mashine au ulitoe kwa brashi laini. Mijusi na mende hupenda uvuguvugu wa bodi za umeme, na mjusi mmoja akigusa sehemu mbili za bodi hutosha kuiua pamoja naye, kwa hiyo funika matundu ya nyuma kwa wavu mwembamba wa chuma usiozuia hewa. Hita iliyokaa mwaka mzima bila kuwashwa isipelekwe mkoani kabla ya kusafishwa kwanza, na ikitumwa kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama ndani ya boksi lake la awali, si kikiwa kimelazwa chini ya magunia.

Miali ikianza kukwama au kuruka, kwa kawaida ni mota ya ufito iliyochoka, na mota hiyo ni ndogo na hubadilishwa kwa bisibisi. Upande mmoja ukiwa giza, ni kipande cha ukanda wa LED kilichokufa, na fundi wa televisheni wa mtaani anaweza kukibadilisha mradi apate cha volti ileile. Hita ikikataa kuwaka huku miali ikiendelea, anza kwa kutazama kama themostati imewekwa chini ya joto la chumba, kwa sababu katika Dar es Salaam ya nyuzi 30 themostati iliyowekwa nyuzi 25 haitairuhusu hita kuwaka, na hapo hakuna kilichoharibika.